Raba Zilizoandikwa Nduku

Vijana wa meza za viatu, hebu wekeni simu chini kidogo. Kila Jumamosi nikija sokoni Gikomba kumsalimia binti yangu Mueni, anayeuza kwenye meza iliyokuwa yangu, mnaniuliza swali lilelile: "Mzee Kyalo, uliachaje pombe? Na hizi mbio ulizitoa wapi?" Mnauliza kama mteja anayeuliza bei ya kiatu asichotaka kununua, na kabla sijamaliza mmeshamkimbilia mtu mwingine anayepita na pesa. Leo nimekaa, nina chai, na jibu nitawapa jozi kamili, la kushoto na la kulia.

Kwanza niwaeleze nilivyofundwa. Kitu cha kwanza nilichofundishwa katika kazi hii hakikuwa kuuza, kilikuwa kuhesabu. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Athumani, mzaliwa wa Majengo, mtu mwembamba aliyekunywa kahawa chungu siku nzima na hakuwahi kumnunulia mwenzake hata kikombe. Alikata kamba za belo la mitumba, viatu vikamwagika, akaniambia nihesabu. Nikahesabu. Akasema, "Tena."

"Mzee, si nimeshahesabu?"

"Umehesabu viatu. Sasa hesabu jozi."

Kweli, kulikuwa na kiatu kimoja cha kulia ambacho mwenzake alibaki ng'ambo. Tangu siku hiyo kila kitu nakihesabu mara mbili: chenji, ngazi za ghorofa, watoto wakitoka kanisani. Hata mke wangu Nduku, ambaye ni mmoja tu, nilimhesabu mara mbili, na bado nikampoteza. Nitafika hapo.

Jambo la pili alilonifundisha Athumani ni kusoma soli. Mnunuzi huangalia juu ya kiatu, muuzaji huangalia chini. Soli iliyolika kisigino upande wa nje, mwenyewe alitembea kwa maringo. Iliyolika ncha, alikuwa mtu wa haraka, au mtu wa kuburuta miguu. Athumani angeshika kiatu, akigeuze, aseme, "Huyu alikuwa akisimama sana kazini," na ungeapa walikuwa majirani. Tena alikuwa na msemo wake, ambao wakati huo niliuona wa ubahili: "Ukinunua belo, nunua. Usilifungue huku jicho liko kwa mtu wa kumrudishia." Uwekeni akiba huo, tutauhitaji.

Sasa pombe. Siku zetu kulikuwa na desturi ambayo sijui kama bado mnayo, na kama mnayo, sikilizeni kwa makini. Mtu akifungua belo zuri, lenye kamera tupu, ile bidhaa ya kwanza wateja wanayoigombania kabla haijagusa meza, basi jioni anawapeleka wenzake baa kusherehekea. Akifungua belo baya, fagia tupu, takataka zisizouzika, wenzake wanampeleka baa kumfariji. Belo likiwa la katikati tunakwenda baa kujadili limeangukia upande gani. Mtaona wenyewe kwamba hesabu hiyo haina njia ya kutokea. Na mwenyekiti wa desturi hiyo alikuwa jirani yangu wa meza, Ochieng', mtu mwenye moyo mzuri na koo refu.

Sitawapigia hadithi za mitaroni. Sikulala mtaroni. Nilirudi nyumbani mtaani Kware kila siku, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya sita nikiwa nimeshika ukuta, nikaingia. Nilijiona mtu mwenye kiasi, kwa sababu ukuta haukuwahi kulalamika.

Mpaka Jumamosi moja. Nduku alikuwa ameweka viatu vyake vya kanisani mlangoni, vyeusi, kisigino kifupi, nivipake rangi. Nikaamka na kichwa kizito kama belo. Karibu na mlango kulikuwa na gunia la viatu nilivyoosha jana yake. Nikasomba vilivyokuwa ndani ya gunia na vilivyokuwa kando yake, nikaenda kazini.

Mama mmoja akaja mezani, akavishika vile vyeusi. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikageuza soli nikasoma. "Mama," nikamwambia, "hii ni kamera. Mwenye hivi alikuwa mwanamke mtulivu, anatembea wima, na alivivaa Jumapili peke yake." Sijawahi kusoma soli vizuri kama siku ile. Akanunua. Jioni tukasherehekea.

Jumapili asubuhi Nduku akasimama mlangoni amevaa gauni lake, miguu mitupu.

"Baba Mueni, viatu vyangu viko wapi?"

Nikaangalia mlango. Nikaangalia gunia. Nikaangalia tena. Kisha nikamkumbuka yule mama.

"Niliviuza."

"Uliviuza. Bei gani?"

Nikamtajia.

"Na hata bei nzuri hukupata," akasema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akavaa ndala, akachukua mkoba, akashuka ngazi, akaenda kwa miguu hadi mtaa wa Tena kwa mdogo wake Kavata. Mueni alikuwa shule ya bweni wakati huo. Nikabaki ghorofa ya sita na gunia.

Nikaenda Tena siku ya pili yake, nimevaa shati safi. Nduku akanipokea nje ya geti, geti likiwa limefungwa nyuma yake, kama mtu aliyeficha mali. Nikaomba msamaha kwanza, kisha nikaingia katika biashara, kwa sababu ndiyo lugha ninayoijua.

"Mama Mueni, niambie bei ya kurudi."

"Uache pombe."

"Nimeacha."

"Lini?"

"Jana."

"Jana haihesabiki, jana hukuwa na pesa." Nduku ni karani wa ghala kule viwandani, kazi yake ni kukagua kinachoingia na kinachotoka. Huwezi kumpitishia kitu. "Utakuja hapa kila siku ya kazi asubuhi, kabla sijatoka. Unisalimie karibu, nisikie pumzi yako."

"Mara tatu kwa wiki."

"Kila siku ya kazi."

"Nije jioni, nikitoka sokoni?"

"Jioni una watu wako. Asubuhi. Na uje kwa miguu."

"Kwa miguu! Kutoka Kware?"

"Mimi nilikuja na ndala."

Nikajaribu upande mwingine. "Kwa muda gani?"

"Hadi nitakaposema."

"Hiyo si bei, Mama Mueni. Bei ina mwisho."

"Basi nenda ukanunue kwingine."

Vijana, katika maisha yangu yote ya soko hiyo ndiyo bei pekee niliyoikubali bila kujua mwisho wake. Msijaribu na mwenye belo.

Asubuhi ya kwanza nilitembea. Nilitembea kwa heshima, kama mtu anayekwenda kuposa. Nilipofika, Nduku alikuwa ameshaondoka. Kavata alikuwa getini na kikombe mkononi, akicheka hadi chai inamwagika. "Shemeji, pole. Duka limefungwa."

Nikapiga hesabu nikirudi, mara mbili. Kutoka nyumbani mapema zaidi hakukufaa, giza la barabara ya Outering lina wenyewe. Mwendo ule ule hautoshi. Kulikuwa kumebaki njia moja tu. Nikaenda mezani kwangu, nikachagua raba nyeupe zenye ukingo wa buluu. Nikazikunja: zilikunjika kwenye vidole, si katikati. Raba ikikunjika katikati kama chapati, iache, itakuua mguu. Nikaingiza kidole gumba cha mkono mbele ya vidole vya mguu, kikaenea. Kisigino kikashika. Alfajiri iliyofuata nikakimbia.

Niseme "nikakimbia" kwa hisani yenu. Nilikimbia kutoka mlango wa jengo hadi kwa muuza mkaa, nikashika kiuno. Kifua kilikuwa kinawaka. Mlinzi mmoja akaniuliza, "Mzee, wamekuibia nini?" Nilipofika Outering nikafanya ninachojua kufanya, nikaanza kupatana na nguzo za taa. Nikaiambia nguzo ya mbele, "Nakupa mbio hadi hapo ulipo, halafu unipe kutembea hadi ya pili." Ikakubali. Baada ya siku kadhaa nikawa nazipunja: nikifika kwenye nguzo ya kutembea naiambia, "Ngoja, nikuongeze mbio kidogo." Hivyo ndivyo mtu anavyojifunza kukimbia. Wanaoanza kwa kasi wanaishia chini ya daraja la Donholm wakitapika, na wengi wao hawarudi kesho. Kimbia polepole kiasi cha kuweza kumsimulia mwenzako habari. Ukishindwa kuzungumza, umezidisha bei.

Siku ya tatu nikamkuta Nduku anafungua geti. Nikamsalimia nikihema kama mbuzi wa kupelekwa soko la nyama la Burma. Akanisogelea, akanusa, akasema, "Haya," akaenda zake kazini. "Haya" hiyo niliibeba siku nzima kama kamera.

Sasa niwaambie ukweli ambao wauza maneno hawatawaambia. Mbio hazikuondolei kiu ya jioni. Anayekuambia hivyo anakuuzia fagia. Jioni kiu inakuja palepale, saa ileile, na Ochieng' anakuja nayo. "Buda, leo belo ni kamera tupu! Twende tulibariki." Ninachoweza kusema ni kwamba mtu aliyepatana na nguzo zote zile kuanzia Kware anaanza kuona uchungu wa kupoteza mali yake. Chupa moja ya jioni nilikuwa naipima kwa nguzo za asubuhi, naiona ghali. Nikawa nakunywa uji wa wimbi, nalala mapema kama kuku. Na wewe ambaye mikono inatetemeka asubuhi ukikosa kinywaji, usianze na mbio. Anza na daktari, mbio zitakungoja, hazina haraka.

Mambo yalikuwa yanaenda vizuri, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hakuna mtu angelifanya isipokuwa muuza viatu.

Asubuhi moja nimefika getini, nimesalimia, nimenuswa. Nduku akaangalia chini. "Nipe mguu," akasema.

"Mguu wa nini?"

"Nipe mguu, Baba Mueni."

Nikashika geti, nikainua mguu kama punda anayekaguliwa kwato. Akageuza soli. Mke wa muuza viatu, mnajua tena, ameishi na soli miaka mingi. Akaiangalia kwa muda mrefu.

"Soli hii ni safi kuliko sahani za Kavata," akasema. "Kutoka Kware, matope yote yale, mvua ya wiki nzima? Wewe unakuja na boda. Unashukia pale kona, unajimwagia maji ya chupa usoni."

"Haki ya Mungu, nakimbia!"

"Miguu yako inakimbia, viatu vinapanda boda?"

Akafunga geti. Ndani nikamsikia Kavata akiuliza, "Ameshindwa?"

Kilichotokea ni hiki. Kila nilipomaliza kumsalimia Nduku nilipanda gari hadi sokoni, na kitu cha kwanza kabla ya kupanga meza nilikuwa naosha zile raba. Brashi, sabuni, kijiti cha kutoa matope kwenye mifereji ya soli, chokaa kidogo pembeni. Nazijaza magazeti zisikunjamane. Kware alfajiri nilikuwa nachagua pa kukanyaga kama paka, na hata pale kwenye kona ya Tena, kabla ya geti, nilikuwa nazifuta kwa kitambaa, mkono wenyewe unakwenda. Sikufikiri. Bidhaa inaoshwa. Nilikuwa nakimbia na bidhaa.

Siku ile nilishinda na hasira. Nikinywa, naambiwa nimekunywa; nisiponywa, naambiwa natumia boda. Sasa kuna faida gani? Jioni Ochieng' akafungua belo la kupendeza, na nikaenda. Ndiyo, nilikwenda. Nikakaa kiti changu cha zamani, kilikuwa bado kinanijua. Chupa ikafunguliwa, glasi ikajaa, povu likapanda.

"Karibu nyumbani, buda," Ochieng' akasema. "Tulifikiri ulioa barabara."

Nikaweka mguu juu ya goti ili nikae vizuri. Na mkono, ule mkono usio na adabu, ukageuza soli ya ile raba nikasoma. Nikasoma tena. Haikuwa na neno. Athumani angeishika akasema, "Huyu hajaenda popote." Kwa nini naiosha kila siku? Nikajiuliza kama mteja anavyouliza, na jibu likaja bila kupatana: kwa sababu nilikuwa na mpango wa kuiuza. Siku Nduku akisema hapana, au mimi nikichoka, raba zingerudi mezani, zing'ae, nisipate hasara. Nilikuwa nimelifungua belo huku jicho liko kwa mtu wa kumrudishia.

Nikasimama.

"Unaenda wapi? Na hii?" Ochieng' akaonyesha glasi.

"Hiyo ni yako."

Hakuulizwa mara mbili. Kwa hivyo hasara haikuwepo upande wowote.

Asubuhi nikakimbia hadi Tena nikipitia kila dimbwi. Nikavua raba zote mbili hapo nje ya geti, nikasimama na soksi kwenye matope, nikamnyooshea Nduku.

"Una kalamu ile ya kuandikia makatoni ya ghala?"

Anayo siku zote mkobani, ile nyeusi nene isiyofutika.

"Ya nini?"

"Andika jina lako. Hapo pembeni, kubwa. Nisiweze kuziuza."

Akaniangalia. Akaangalia matope kwenye soli, akayagusa kwa kidole kama anayeonja mchuzi. Halafu mdomo wake ukafanya kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu zile Jumapili za kabla ya baa, ukakataa kucheka na ukashindwa. Akachukua raba, akaandika kwa herufi za katoni: NDUKU.

"Asante," nikasema, nikanyoosha mkono.

"Lete na ya pili. Nakujua wewe, utatafuta mtu mwenye mguu mmoja."

Kuanzia hapo nikawa nakimbia nimeandikwa pande zote mbili. Kama mnaijua Outering mnajua haiachi kitu kipite. Siku ya kwanza makanga mmoja akasoma, akapiga ubavu wa gari: "Nduku! Kanyaga mafuta!" Siku ya pili walikuwa wawili. Wiki haikuisha, barabara nzima ikawa inaniita jina la mke wangu. Muuza mandazi wa Donholm: "Nduku, leo umechelewa!" Walinzi wakibadilishana zamu: "Nduku ashapita, ni saa yetu." Vijana wa kuosha magari wakanipigia makofi kama napita na jeneza la heshima. Mwanzoni niliona haya. Baadaye, niwaambie kweli, nilikuwa nikisikia jina lile naongeza mwendo, na nguzo za kutembea zikaisha moja baada ya moja bila mimi kujua, hata siku moja nikafika Tena nikagundua sikupatana na nguzo yoyote. Nilicheka peke yangu barabarani. Ile furaha sikuwahi kuipata kwenye chupa, na chupa nilizitafuta kwa bidii.

Nduku sikumwambia habari za barabarani. Yeye aliendelea na kazi yake getini: pumzi, soli, "Haya." Matope aliyakagua kama mzigo wa ghala. Raba zikalika kisigino, zikapoteza weupe, buluu ikawa kama majivu. Na yeye hakusema lini, nami sikuuliza tena. Niliogopa kwamba nikiuliza atanipa bei.

Basi Ijumaa moja nafika, geti liko wazi. Nduku amesimama nje, mkoba mgongoni, kanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi ya Kavata, na miguuni raba. Nyekundu. Kwa mazoea nikaziangalia chini, soli nzuri, kamera.

"Umezitoa wapi?"

"Kwa Ochieng'."

"Kwa Ochieng'! Amekuuzia bei gani?"

Akanitajia. Hata mimi jirani yake wa meza sijawahi kuuziwa hivyo. "Nilimwambia kama hapunguzi, nitamuuliza mbele ya wateja wake ni nani aliyemaliza ile glasi," akasema. Ochieng' alikuwa amemsimulia yote ya jioni ile ya baa, na kwangu hakutamka neno.

"Leo sina kazi," Nduku akasema. "Leo hunisalimii. Leo unanisindikiza."

"Wapi?"

"Wewe unakaa wapi siku hizi?"

Tukaenda. Tulitembea hadi nguzo, tukakimbia hadi nguzo, nikamfundisha kupatana, akanipunja mara ya kwanza ileile. Kavata alitusindikiza kwa vigelegele hadi majirani wakafungua madirisha. Tulipoingia Outering, gari la kwanza likatupita, makanga akajitokeza mlangoni nusu mwili: "Nduku! Niaje, Nduku!"

Mke wangu akasimama ghafla. Muuza mandazi akapaza sauti: "Nduku, leo una mgeni?" Mlinzi ng'ambo ya barabara akapunga kofia: "Nduku!"

"Baba Mueni," akasema, mkono kifuani, "hawa watu wote wananijuaje?"

Nikamwonyesha miguu yangu. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara, na alipoinuka alikuwa anawapungia mkono kama mgombea kiti.

Pale Kware akapanda ngazi mbele yangu, ghorofa hadi ghorofa, bila kushika ukuta. Alipoingia akavua zile raba nyekundu, akaangalia mlangoni mahali viatu vilipokuwa vikikaa zamani, akatikisa kichwa. Akavuta kiti, akapanda, akaziweka juu kabisa ya kabati, mbali na gunia langu.

"Hapa ndipo viatu vyangu vitakaa," akasema.

Mpaka leo vinakaa hapohapo, vya kanisani na vya mbio. Nami sasa nimestaafu, gunia liko kwa Mueni, lakini kila jioni kabla sijalala nainua macho juu ya kabati nahesabu jozi. Halafu nahesabu tena.